TAHADHARI ku benye banaanza infirmie Lubumbashi: ule mutu wa "kiti ya staji" amerudi

Bandugu na bazazi, musome hii mupaka mwisho hata kama ni murefu, juu rantre iko karibu na ule mutu ameanza tena kuuzisha banafunzi bapya "kiti", ni seti ya bintu bya staji, na bintu byenyewe ni bya bovu. Ni mwanaume wa makamo, anavaa muzuri, anasema polepole sawa asistan wa masomo. Anasimamaka karibu na valve (ubao ya matangazo ya shule) siku yenye majina inabandikwa, anakuangalia vile unatafuta jina yako na kidole, ukiliona tu anakupongeza na kuomba namba. Mimi alinipongeza mbele hata sijapigia mama telefone.

Usiku ile ile anakutumia ku WhatsApp liste ya bintu bya lazima, chini iko na kashe (muhuri) ya bleu sawa ya kweli. Sarau mbili (koti nyeupe ya kazi), tansiometri (mashine ya kupima tansio), stetoskopi, termometri, saa ya sindano ya sekunde, boite mbili ya ga ya mikono. Yote 85 dola, 40 unatanguliza ku M-Pesa, 45 siku ya kupokea. Na anasema siku ya kwanza kutakuwa kontrole, mwenye hana kiti nzima anarudishwa nyumbani. Ile njo inatushikaka, nani anataka kurudishwa siku ya kwanza mbele ya benzake? Mama anauzisha makala ku Katuba, alikuwa ametoka kupata zamu yake ya likelemba (kile kikundi cha kuchangishana makuta), ile makuta ilikuwa ya bati ya nyumba. Akaitoa bila kuuliza mara mbili.

Kiti ilikuja kweli. Ninasema hii juu bengine banafikiri eskro (mudanganyifu) ni paka ule anakula makuta na kupotea. Huyu analeta, na kile analeta njo kibaya zaidi.

Nikamupima mama usiku ile, nilikuwa nimeangalia video namna ya kufanya. Brasa (ile kitambaa yenye kufungwa ku mukono) ilimubana sana, velkro ikaanza kufunguka yenyewe pale nilianza kupampu. Nikapata 15 juu ya 11. Nikarudia, paka 15 juu ya 11. Mama akanyamaza. Yaya akasema hiyo ni tansio, inapasulaka batu mishipa ya kichwa. Siku tatu mama hakutia chumvi mu mboga, hakulala, namusikia anageuka geuka mu giza, na ile woga ni mimi nilimutia.

Ku santre ya kartie mama infirmie akamupima, 12 juu ya 8. Akaomba tansiometri yangu, hakumufunga mutu nayo, akaiangalia tu vile imelala ku meza bila pumzi ndani. Sindano ilikuwa imesimama ku 20. Akanionyesha na kalamu: mbele ya kupampu inapaswa kulala ku 0, yako inaanza na 20 ya bure, na 20 ya ku mashine njo 2 mu namna tunasemaka tansio, kila mutu unamuongezea 2 yenye hana. Ile ingine iliyobakia ni ya brasa, alisema, juu ni ya mutoto, na brasa ndogo ku mukono wa mutu mukubwa inapandisha namba. Mu adulte tansio ya juu inahesabiwa kuanzia 14 juu ya 9. Sasa muhesabu benyewe: mutu muzima wa 12 juu ya 8, mu mikono yangu anakuwa 14 juu ya 10, anakuwa mugonjwa. Na mama mwenye ametoka kuzaa, anapoteza damu, tansio imeanguka ku 8, mimi ningeandika 10 na kupita ku kitanda ingine. Hiyo njo inanikataza kunyamaza, hata kuliko 85 dola.

Bile bingine nabyo: stetoskopi ukigonga membrane na kidole unapaswa kusikia kwa nguvu, yangu unasikia sawa mutu anagonga nyumba ya jirani. Ga inapasuka ukivaa, na ku boite, pale kuna alama ya saa ya mchanga yenye tarehe ya mwisho, balikwangua na wembe. Sarau nilitia mu javeli mara moja ikageuka njano. Termometri ni ya kioo, ya merkuri, imefungwa na kipande cha gazeti. Mwenzetu moja yake ilivunjika ku simenti kwenye mutoto anatambaa, bakafagia na fagio, na merkuri haifagiwake, inasambaa tu. Muondoe batoto, mufungue madirisha, mukusanye na karatasi ngumu mu chupa yenye kifuniko.

Nilienda ku sekretaria ya shule na ile liste. Si yao, kashe si yao. Siku ya kwanza banaangalia diploma ya Eta (ile ya kumaliza sekondari) na bordero ya banki (karatasi ya malipo), bintu bya staji banatangaza benyewe pale staji inakaribia. Nikamupigia ule mwanaume, akaniambia mama yangu njo mugonjwa, mashine haina kosa. Kiisha akanibloke. Mupaka sasa tuko saba tumejuana.

Na anauzisha hata "plasi" ya kuingia masomo. Anaomba 150 dola akuingize A1 (infirmie wa chuo cha juu) bila diploma ya Eta. Ni bongo. A1 ku ISTM (chuo cha juu cha mambo ya afya) inaomba diploma ya Eta, na benye kusoma A2 (infirmie wa sekondari) banamaliza na jiri nasionali (mutihani wa inchi nzima), hakuna mutu anapitisha hiyo mu telefone.

Kama unahitaji tansiometri, enda na infirmie mwenye anaijua, muifungue mbele ya kulipa. Sindano ku 0. Ufunge valvu, upampu mupaka 200, ungoje kidogo, kama sindano inashuka haraka yenyewe, rudisha.

Namba amebadilisha, sasa ku WhatsApp ameweka picha ya mama mwenye kuvaa bluzi ya pinki, lakini picha ya kiti ni ile ile, bintu bimepangwa ku nguo ya meza ya maua nyekundu, kona moja imeungua na pasi. Dada wa Ruashi mwenye aliniandikia jana usiku sema umetuma 40 na unamungoja kesho: ile 45 bakisha nayo, shika mesaji ya M-Pesa usiifute, na asubui uende kwanza ku sekretaria na ile liste mu mukono. Mimi nitakuwa pale saa mbili, tutaingia pamoja.