Rangi ipi ununue kwa ukuta wa uzio uliopigwa plasta

Ukuta wa nyumba umefunikwa na paa. Uzio hauna mfuniko: mvua inaupiga juu na pande zote mbili, udongo wa bustani unaulowesha chini, na karibu na bahari chumvi nayo haikosi. Ndiyo maana rangi iliyokaa miaka kwenye nyumba inaweza kubanduka kwenye uzio baada ya masika moja. Swali la kwanza dukani liwe hili: maji yakishaingia ukutani, yatatokaje?

1. Akriliki ya nje, isiyong'aa

Ndiyo ile wauzaji wanayoiita weather guard. Ni rangi ya maji, inaacha mvuke upite, inavumilia jua na haiharibiwi na ukali wa saruji. Usishawishike na inayong'aa. Mng'ao huonyesha kila kovu la mwiko.

Kwenye plasta laini, lita moja hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, yaani mpako mmoja. Plasta ya kukwaruza huishusha hadi 5 au 6. Uzio wa mita 20 wenye kimo cha mita 2, ukipakwa pande zote mbili, una mita za mraba 80. Mikono miwili ni 160, yaani ndoo moja ya lita 20 kwa plasta laini, na lita 27 hadi 32 kwa plasta ya kukwaruza. Nunua zote kwa mara moja, zenye namba moja ya bechi, la sivyo utaona mahali ndoo ya pili ilipoanzia. Kuhusu rangi yenyewe, krimu, kahawia na rangi za udongo hustahimili jua kuliko nyekundu kali au zambarau.

2. Chokaa

Mafundi wengi wataiweka mwisho. Lakini kwa ukuta unaozuia udongo, au ule usiokauka mwaka mzima, sisi tungeipa nafasi ya kwanza, kwa kuwa kati ya hizi tano hakuna inayopumua kama hiyo. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na Lamu zilijengwa kwa chokaa, na ukizifunika kwa saruji unyevu hufungiwa ndani. Lowanisha ukuta kwanza, kisha paka mikono mitatu myembamba. Vaa miwani, maana chokaa huunguza macho. Kasoro zake: huchafua nguo, hutaka kurudiwa mara kwa mara, na siku ukitaka kuhamia akriliki lazima uikwangue yote iliyolegea kwa brashi ya waya.

3. Rangi nzito ya chengachenga

Huficha plasta mbaya na nyufa nyembamba. Ila hula ndoo nyingi, hushika vumbi na ukungu wa kijani, na ikibanduka huondoka na kipande cha plasta.

4. Rangi ya maji ya ndani

Bei inavutia. Juani hugeuka unga unaobaki mkononi ukiigusa.

5. Rangi ya mafuta

Ipeleke kwenye geti. Kwenye plasta mpya, ukali wa saruji huyageuza mafuta yake kuwa kama sabuni, na mvuke uliokwama huinua malengelenge.

Kabla hujalipa

Plasta mpya ipewe siku 28. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa siku nzima, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa utepe wa gundi. Ukikuta matone upande wa ndani, subiri. Chumvi nyeupe iondoe kwa brashi kavu, kwa sababu ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Ukungu upake jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 3, uache dakika 20, usugue na kusuuza.

Nyufa usizibe kwa unga wa jipsamu, hulainika ukilowa; tumia pati ya saruji nyeupe. Kisha, isipokuwa unapotumia chokaa, praima ya kukinga ukali wa saruji, halafu mikono miwili ya rangi. Anza upande wenye kivuli: plasta ikiwa ya moto, rangi hukauka kabla haijashika.

Juu ya ukuta weka kofia ya zege iliyochomoza sentimita 4 au 5 kila upande, yenye mfereji mdogo chini ya ukingo ili maji yadondoke mbali na plasta. Chini, punguza udongo hadi sentimita 15 chini ya mstari wa rangi, umwage kokoto ili mvua isirushe tope.