Nyumba ya likizo Moshi: ulipe kupitia Airbnb au umtumie mwenye nyumba kwa simu?

Desemba, Wachagga wakirudi nyumbani kula Krismasi, nyumba za kupanga kwa siku chache Shanty Town na Rau hugombaniwa, na mwenye nyumba hutaka advansi. Ukilipa kupitia Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba za siku chache, hela haimfikii papo hapo. Kwa kawaida huachiwa takriban saa 24 baada ya muda wako wa kuingia. Ukikuta geti limefungwa, una pa kulalamikia. Ada ya huduma ipo, ndiyo. Na akikuomba mmalizane pembeni, kinga hiyo imekwisha.

Kutuma kwa simu ni rahisi, na bei hushuka ukijua kubembeleza. Ila pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Likiwa si la mwenye nyumba, acha. “Hiyo laini ni ya shemeji” si jibu. Mtume ndugu aliyeko Moshi akaione nyumba, aulize majirani au balozi wa nyumba kumi, kisha lipa nusu tu, kwa maandishi. Kama huna ndugu huko, mimi ningelipa hiyo ada ya Airbnb.