Uchambuzi wa bidhaa: kitabu kilichomjengea Blackbeard jina

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo ninachambua kitabu cha zamani kilichochapishwa upya kwa jalada laini, nacho ni A General History of the Pyrates, kilichotoka London mwaka 1724 kwa jina la nahodha Charles Johnson, ambalo wataalamu wengi wanaamini ni la bandia. Sitakipitia chote. Nitakaa kwenye sura ya Edward Teach, yaani Blackbeard, kwa kuwa humo ndimo zilimotoka picha nyingi tulizo nazo za haramia wa baharini wa kutisha.

Nianze na kifo chake, kwani hapo ndipo kitabu kinapong'ara. Gavana wa Virginia, koloni la Uingereza huko Amerika, Alexander Spotswood, alimtuma Luteni Robert Maynard na mashua mbili za tanga zisizo na mizinga hadi Ocracoke, katika pwani ya North Carolina, na asubuhi ya tarehe 22 Novemba 1718 vita vikaanza. Teach alimimina mizinga yake, akaiona sitaha ya Maynard karibu tupu, akaamini kwamba adui amekwisha. Basi akarukia humo pamoja na watu wake, kumbe mabaharia walikuwa wamefichwa ngamani wakisubiri amri. Kitabu kinasema aliendelea kupigana hadi alipopata majeraha 25, matano kati yake yakiwa ya risasi. Hapo mwandishi hakutia chumvi, maana barua ya Maynard mwenyewe inataja risasi 5 na majeraha 20 ya mapanga. Kichwa chake kilikatwa na kutundikwa kwenye mlingoti unaochomoza mbele ya omo. Ile habari ya kiwiliwili kuogelea kuizunguka mashua ni simulizi la watu wa pwani ile, nanyi hamtaikuta katika sura hii.

Tahadhari inahitajika kwenye maelezo ya mwonekano na tabia yake. Tambi zinazofuka moshi, yaani nyuzi za kuwashia mizinga alizozichomeka chini ya kofia, zimetajwa hapa, miaka sita baada ya kifo chake, na zimenakiliwa tangu hapo kana kwamba kila mtu aliziona. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu za wakati ule hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba Teach aliua mtu kabla ya siku ile ya mwisho. Alipoifunga bandari ya Charleston mwezi Mei 1718, alitishia kuwakata vichwa mateka wake asipoletewa kasha la dawa, lakini alipoletewa aliwaachia wakiwa hai, ingawa aliwapora. Kwa maoni yangu, hofu ndiyo iliyokuwa silaha yake kubwa, na kitabu kimeiendeleza kazi hiyo baada yake.

Sasa nije kwenye kasoro inayoniuma zaidi. Merikebu yake mashuhuri, Queen Anne's Revenge, ilikuwa La Concorde ya Nantes, Ufaransa, iliyosafirisha watumwa. Alipoiteka Novemba 1717, ilikuwa na Waafrika zaidi ya 450 waliopakiwa Ouidah, katika nchi tunayoiita leo Benin, na wenzao kadhaa walikuwa wamekwisha kufa safarini. Teach alichukua baadhi yao na kuwaacha wengi katika kisiwa cha Bequia, huko Karibi, ambako Wafaransa waliwakusanya tena na kuwapeleka Martinique, koloni lao. Kitabu kinautaja utekaji huu kwa maneno machache tu, kana kwamba merikebu ilikuwa tupu, ilhali kinampa nahodha mmoja kurasa nzima za kufa. Msomaji Mwafrika ana haki ya kukasirika hapo, nami nimekasirika.

Kuhusu nakala yenyewe, herufi ni ndogo, hakuna ramani wala maelezo ya pembeni, na Kiingereza chake ni cha kale. Maandishi haya hayana tena hakimiliki na yanapatikana bure katika intaneti, kwa hiyo sioni sababu ya kulipia nakala kavu kama hii. Kama mnanunua, tafuteni toleo lenye maelezo ya mhariri, na mlisome pamoja na taarifa za mabaki ya Queen Anne's Revenge yenyewe, ambayo ilipwelewa karibu na Beaufort mwezi Juni 1718 na kugunduliwa chini ya maji mwaka 1996.