Maserati Khamsin: Tunaipa Ngapi kwa Hamsini?

Wadau, kabla ya salamu, tazameni mkono wangu. Gari limesimama, injini inawaka, gia iko huru. Nauzungusha usukani robo duara kushoto, hivi... nauachia. Mmeona? Umerudi wenyewe katikati. Magurudumu nayo yamerudi, na gari halijasogea hata kidole. Sasa kulia... naachia. Huo! Jaribuni hivyo kwenye gari lenu lililosimama: ukiukata usukani, unabaki pale pale ulipouacha. Nitalirudia hili jambo mpaka mnichoke, lakini kwanza karibuni tena kwenye chaneli, na leo tuna Maserati Khamsin.

Jina tulimalize haraka, maana linatuhusu. Khamsin ni upepo wa joto na vumbi unaovuma Misri ukitokea jangwani, na neno lenyewe ni la Kiarabu, ndiyo hamsini hii hii yetu. Wanasema unakuja kuja ndani ya kipindi cha siku kama hamsini. Maserati wana mazoea ya majina ya pepo: Mistral, Ghibli, Bora, baadaye Shamal, na karibuni zaidi Levante na Grecale. Kaskazi na kusi bado hazijafikiwa, tunasubiri. Kwa heshima ya jina, leo hatutoi alama kwa kumi. Tunatoa kwa hamsini.

Vipimo mnavijua, sitawachosha: injini ya V8, yaani silinda nane, ya lita 4.9 mbele, kabureta nne za Weber, nguvu farasi 320, gia tano za ZF, kasi ya juu inayodaiwa ni zaidi ya kilomita 270 kwa saa. Mchoraji ni Marcello Gandini akiwa Bertone, kampuni ya Italia ya kuchora magari. Lilionyeshwa Turin mwaka 1972, likaanza kuuzwa 1974, likakoma 1982, na jumla yalitengenezwa kama 435 tu. Mia nne na thelathini na tano kwa miaka minane! Siyo kwamba lilikuwa baya. Lilizaliwa siku mbaya. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla baada ya 1973, na Citroën waliokuwa wanaimiliki Maserati wakaishiwa. Mwaka 1975 Maserati ikawekwa chini ya ufilisi, akaja Alejandro de Tomaso kuiokoa kwa msaada wa serikali ya Italia. Nani angeagiza gari la bei ile kutoka kiwanda ambacho hakijui kesho yake? Ndiyo maana mtu anamjua Ghibli, anamjua Bora, ukimtajia Khamsin anauliza, ni pikipiki?

Njooni nyuma. Mpiga picha, shuka chini, chini zaidi. Hapo. Hiki kipande cha wima chote, kutoka upande hadi upande, ni kioo. Na taa za nyuma zimewekwa ndani ya kioo hicho hicho, hazina bati nyuma yake, zinaonekana kama zinaelea. Wenye Prius, ile ya kizazi cha pili iliyojaa barabarani kwetu, mnakijua kile kioo cha wima chini ya kioo kikubwa cha nyuma. Wazo ni hilo hilo, ila huyu alikuwa nalo miaka thelathini kabla. Na Gandini mwenyewe alishaweka kioo cha namna hii kwenye Lamborghini Espada ya 1968, lakini kule taa zilibaki kwenye bati. Hapa amezitoa kabisa. Faida yake siyo mapambo peke yake: ukirudi nyuma unaliona bampa la gari lililo nyuma yako, kitu ambacho kwenye magari ya mgongo mrefu kama haya huwa ni kubahatisha. Marekani hawakukubali. Magari yaliyokwenda huko taa zilishushwa chini ya kioo na yakafungwa mabampa makubwa, yakaonekana kama mtu aliyevaa suti na gambuti. Ukinunua, angalia umeuziwa la wapi.

Kioo hiki kikipasuka usitegemee kukikuta dukani. Kabla ya kutoa hela pitisha kucha pembeni kote kwenye raba yake, uone kama kuna kutu imeanza kuinua rangi, kwa sababu kutu ya chini ya raba ndiyo inayosukuma kioo. Alama kumi na mbili kwa mgongo huu. Kumi na mbili, nimesema.

Mbele kuna kituko kimoja nakipenda: matundu ya hewa kwenye boneti hayalingani, kushoto na kulia kila upande na sura yake. Mtu akilitazama gari anaona kuna kitu, lakini hajui ni kipi. Lile lenye mikato mitatu ya mlalo puani ni la kuanzia 1977, waliongeza kwa ajili ya kupoza injini. Mtaona watu wanasema la kwanza ni zuri zaidi. Kwa macho, kweli. Kwa foleni ya mchana wa jua, mimi nachukua lenye mikato.

Sasa usukani. Kaeni vizuri.

Mfumo huu Citroën waliuita DIRAVI, na ulitoka kwenye Citroën SM, lile gari lao lenye V6 ya Maserati. Siyo pawa stelingi mliyoizoea. Pawa stelingi ya kawaida inakusaidia kusukuma, lakini mikono yako bado imefungwa kwenye magurudumu kwa chuma, kwa hiyo shimo la barabarani unalisikia mpaka kwenye kiwiko. Hapa usukani unafungua na kufunga vali tu. Kazi yote ya kugeuza magurudumu inafanywa na presha ya oili. Ukipiga shimo, usukani kimya. Tairi ikipasuka mbele, usukani hauvutwi.

Basi kinachourudisha katikati ni nini, kama siyo barabara? Ndani kuna kamu, kipande cha chuma kinachozunguka, yenye umbo la moyo, na rola inayoibana kamu hiyo kwa presha. Moyo una bonde. Usukani ukiwa katikati, rola imekaa bondeni. Ukiugeuza, rola inapandishwa kilima, nayo inataka kushuka. Ukiachia, inateremka, usukani unarudi. Kwisha! Halafu kuna kidhibiti kinachozungushwa na giaboksi: kadiri gari linavyokimbia, ndivyo presha inayoibana rola inavyoongezeka. Ukiegesha, unaugeuza kwa kidole kimoja, tazama, kidole kimoja, na hizi ni tairi za upana wa milimita 215. Ukiwa kwenye barabara kuu, usukani huo huo unakuwa mgumu kama unasukuma mlango wa benki. Mwaka 1974 hiyo.

Na ni mizunguko miwili tu kutoka mwisho hadi mwisho. Mzunguko mmoja kushoto, mmoja kulia. Hapo ndipo wageni wanapoaibika. Mtu anaingia, anafika kona ya kwanza, anazungusha kama alivyozoea. Gari linaruka ndani! Anashtuka, anarudisha kwa nguvu, linaruka upande wa pili. Kwa dakika kumi abiria anadhani dereva amelewa. Dawa yake ni hii: mikono saa tatu na saa tisa, usiivushe, usiitoe. Geuza kwa viganja, siyo kwa mabega. Na wakati wa kutoka kwenye kona usiuachie usukani ujirudie wenyewe kama nilivyowaonyesha hapa, maana unarudi kwa pupa. Usindikize. Ukiupa mwili wako nusu saa unaelewa, na ukirudi kwenye gari la kawaida unaona kama unaendesha treila.

Wapo wanaouchukia. Wanasema hauna hisia, hujui tairi inafanya nini. Wana haki yao. Kama unataka gari la kupigana nalo kwenye milima, hili siyo. Ferrari Daytona haina msaada wowote kwenye usukani, kaliegeshe mjini uone mabega yako kesho. Lakini kazi ya gran turismo, gari la kasi la safari ndefu, ni kutoka Modena asubuhi ukafika Paris jioni na bado una hamu ya kula. Kwa kazi hiyo usukani huu ndiyo jibu. Kumi na tano. Tuna ishirini na saba.

Tukiwa kwenye usukani, dokezo dogo la gari jingine: mwenye Lancia Gamma, usiwashe gari asubuhi ukiwa umeuacha usukani umekatwa hadi mwisho. Pampu ya usukani kule inazungushwa na shafti ya kamu ya upande mmoja wa injini, mzigo ukija kwa ghafla injini ikiwa baridi, mkanda unaozungusha shafti hiyo unaruka meno, vali zinakutana na pistoni. Mwishowe unalaumu Waitaliano. Video ya Gamma imesogezwa mbele kidogo, mlioulizia nimewaona. Espada inakuja kwanza.

Turudi. Oili hii ya presha haifanyi usukani tu. Breki, klachi, taa za mbele zinazonyanyuka, hata kiti cha dereva kupanda na kushuka, vyote vinakunywa kisima kimoja. Fungua boneti, utaona oili ya kijani. Inaitwa LHM, ni oili ya madini. Sikilizeni kwa makini hapa, maana magari yanakufa kwa kosa hili: usiweke mafuta ya breki ya kawaida, ya DOT. Fundi asiyelijua gari anaona kopo limepungua, anasoma "breki", anajaza anachokijua. Sili zote za ndani zimetengenezwa kwa oili ya madini. DOT inazivimbisha, zinalainika, na hapo unafungua mfumo mzima, siyo breki peke yake. Oili ikiwa ya kahawia badala ya kijani, imezeeka, imwage na uoshe chujio kwenye tangi lake kabla ya kujaza mpya.

Kitu cha pili ni tufe la presha. Ndani kuna utando, upande mmoja gesi ya naitrojeni, upande mwingine oili. Gesi huvuja polepole kwa miaka. Utajuaje? Washa injini, usiguse chochote, sikiliza mlio wa "tik" wa kidhibiti cha presha. Ukija mara moja kwa nusu dakika au zaidi, lala salama. Ukiwa tik, tik, tik kila sekunde mbili, tufe limekufa na pampu inakesha. Kisha zima injini, kanyaga breki mara kadhaa. Zikiendelea kushika, akiba ipo. Zikigeuka mbao baada ya mara mbili, usiliendeshe gari kwenda nalo popote, lipakie. Tufe ni kitu cha kubadilisha, siyo janga. Janga ni mabomba ya mpira ya kurudishia oili yaliyopasuka juu ya egzosi, kwa sababu oili ya madini inaungua.

Na breki zenyewe ni za kugusa. Mguu mzito unampeleka abiria kwenye dashibodi.

Injini haina maneno mengi. Sampu yake ni kavu, oili inakaa kwenye tangi la pembeni. Gari likilala siku kadhaa, oili huteremka chini ya injini, kijiti kinakudanganya kwamba imepungua, unaongeza, kumbe umezidisha. Pima injini ikiwa ya moto. Sauti: chini ni nzito, juu ni kali, na kwa kuwa nguvu inakuja mapema, unaweka gia ya tano na kuiacha huko huko. Kumi. Thelathini na saba.

Buti ni refu na la bapa, kwa sababu spea tairi wameipeleka mbele karibu na rejeta. Mabegi mawili makubwa yanalala. Tatu kwa hilo, arobaini. Viti vya nyuma naondoa moja, maana hata mtoto wa darasa la pili atalalamika. Thelathini na tisa. Na kama ni lile la otomatiki, ile ya Borg-Warner ya gia tatu, ondoa sita nyingine bila huruma. Injini hii na gia tatu! Mliopata la namna hiyo kwa bei ya chini, sasa mnajua kwa nini.

Kwenye bei, lililotunzwa vizuri lenye gia za mkono kwa kawaida linapita dola 100,000. Ni hela, ndiyo. Ila Ghibli ya mwanzo inaomba zaidi, na Daytona inaomba mara kadhaa ya hapo kwa gari ambalo kila mwenye nazo analo. Lakini bei ya kununua isikudanganye. La bei rahisi lenye oili chafu litakula tofauti yote chini ya boneti, na bado hujagusa kutu.

Kwa hiyo thelathini na tisa kwa hamsini, na siongezi, kwa sababu ukali unaohitaji fundi mmoja anayejua oili ya kijani siyo ukali wa kila mtu. Andikeni yenu hapo chini, na mtu akiandika Daytona hamsini nitajua hajawahi kuiegesha.

Mpiga picha, giza linaingia, nenda nyuma. Washa... Ngoja. Zima. Washa tena. Taa ziko hewani kabisa, unaona mpaka kiti cha dereva katikati yake.

Haya, arobaini na moja.