Vesterheim, Decorah: nendeni mkaione nyumba ya Helene

Kama uko Marekani na unapita kaskazini ya jimbo la Iowa usiache kuingia Vesterheim pale Decorah, ni makumbusho ya Wanorwe waliohamia Marekani na vitu vyake vilianza kukusanywa tangu 1877. Watu wengi wanaganda kwenye masanduku ya safari na siwalaumu, yale masanduku ya mbao yamechorwa maua na jina la mwenyewe na mwaka, mazuri kweli. Ila mimi nasema yapitie tu, toka nje nenda kwenye nyumba ya magogo ya Egge-Koren, hapo ndo hela ya tiketi inaporudi.

Ni chumba kimoja tu jamani, futi kama 14 kwa 16. Humo walikuwa wanaishi Erik na Helene Egge na watoto wao wawili, halafu mkesha wa Krismasi 1853 wakaingia wageni, mchungaji Vilhelm Koren na mkewe Elisabeth, wametoka Norwe, bado maharusi, bibie ana miaka 21. Nyumba ya mchungaji haijajengwa, basi ikabidi wote 6 wabanane humo humo kwenye baridi ya Iowa, pazia la kitambaa likagawa chumba, upande mmoja vitanda viwili vimejaa hadi ukutani, maisha mengine yote upande wa pili. Ukiiangalia unajiuliza mtu alikuwa anabadilishia wapi nguo.

Kabla hujaenda soma shajara ya Elisabeth, aliiandika 1853 hadi 1855 na ipo kwa Kiingereza. Yule mama ana maneno! Mume yuko njiani anazungukia sharika zilizotawanyika, yeye kabaki kwa akina Egge anaandika menyu: leo kitimoto cha kuchemsha, kesho cha kukaanga, mara kimeiva sana mara hakijaiva, na mkate siagi na kahawa, viazi navyo vikaisha, faraja ikabaki chupa ya achari. Nilicheka mno.

Ila hebu mfikirie Helene. Ndo aliyekuwa anapika hicho kitimoto, nyumba yake, watoto wake, na kapokea watu ambao kule Norwe wasingelala chumba kimoja na mke wa mkulima hata kwa dawa. Elisabeth baadaye akawa mtu mkubwa, mumewe alikuwa mmoja wa walioanzisha chuo cha Luther College hapo hapo Decorah, mtoto wao Paul akarithi uchungaji wa baba yake kwenye usharika wa Washington Prairie, na Elisabeth mwenyewe akaishi mpaka 1918. Helene tunamjua zaidi kwa kalamu ya mgeni wake, na kalamu yenyewe ilikuwa imeshachoka nguruwe, kwa hiyo yale ya jikoni msome mkijua hilo.

Kwa wenye watoto, kuna pia TradeWind, mashua ndogo iliyovuka Atlantiki 1933, watoto hawataki kuiacha. Tengeni nusu siku nzima.