World Directory of Medical Schools kwa mtu anayechagua kati ya vyuo viwili vya udaktari: maoni yangu baada ya kuitumia

Kama umechaguliwa vyuo viwili vya udaktari, kila kimoja mji wake, na tarehe ya kuthibitisha imekaribia, basi kabla hujaanza kuuliza watu kila mtu akakupa lake, fungua kwanza hii saiti inaitwa World Directory of Medical Schools. Ni bure kabisa kutafuta humo. Mimi nimeitumia sana kipindi namsaidia mdogo wangu ambaye vyuo viwili vilimwita kwa mpigo, na niseme wazi tu kuna kazi moja inaifanya vizuri mno na kuna nyingine haiifanyi kabisa, na watu wengi wanazichanganya hizo mbili, ndo maana nimeona niandike.

Kwanza mjue ni kitu gani. Ni orodha ya vyuo vya udaktari vya dunia nzima. Shirika la Afya Duniani, WHO, ndo lilianza kutoa orodha ya namna hii kama kitabu mwaka 1953, baadae zikawepo mbili za mtandaoni, moja ilikuwa Avicenna iliyotunzwa Chuo Kikuu cha Copenhagen na nyingine IMED iliyokuwa chini ya taasisi ya FAIMER ya Marekani, halafu 2014 zikaunganishwa zikawa hii moja ambayo inasimamiwa na WFME, yaani shirikisho la dunia la elimu ya udaktari, pamoja na hao hao FAIMER. Kwahiyo sio blogu ya mtu aliyekaa akapanga vyuo anavyovipenda, hii ndo orodha ambayo mabaraza ya madaktari wenyewe wanaangalia.

Kuitumia ni rahisi ila kuna kitu kimoja kinasumbua. Ukiandika jina la chuo la mtaani, lile ambalo kila mtu analitumia, unaweza usikione ukaanza kupaniki, wakati kimeandikwa kwa jina rasmi au kipo chini ya chuo kikuu mama. Usikate tamaa, tafuta kwa nchi na mji, vitatokea vyote vya mji huo kisha utambue chako. Kingine kizuri wanaweka na majina ya zamani ya chuo, hii inasaidia sana kama chuo kilibadilishwa jina na unataka kujua ni kile kile au ni kipya kabisa.

Ukishafungua chuo chako soma taratibu, usiruke. Kuna mwaka walioanza kufundisha, ni cha serikali au binafsi, kinafanya kazi sasa hivi au kilishafungwa, shahada inaitwaje, kozi ni miaka mingapi, lugha ya kufundishia, na kama wanapokea wageni. Sisi tulifungua vyuo vyote viwili, kimoja kwenye simu yake kingine kwenye simu yangu, tukaviweka pembeni pembeni tukawa tunashuka mstari kwa mstari. Miaka ya kozi peke yake ilitufungua macho, maana watu mnalinganisha ada ya mwaka wa kwanza mnasahau kwamba chuo kimoja kikiwa na mwaka wa ziada basi ni mwaka mzima mwingine wa ada, wa kodi ya chumba, wa chakula, na ni mwaka mzima unachelewa kuanza kupata mshahara. Piga hesabu ya kozi nzima hadi siku ya mwisho, sio ya mwaka mmoja.

Halafu kuna sehemu ambayo wengi hawaibonyezi, ile ya maelezo ya wadhamini wa orodha. Humo ndo utakuta kama ECFMG, ile taasisi ya Marekani inayokagua madaktari waliosoma nje ya Marekani, inawatambua wahitimu wa chuo hicho na kwa miaka ipi ya kuhitimu. Kanada nayo ina maelezo yake. Uingereza pia baraza lao la madaktari linaitumia hii orodha kuangalia shahada za nje. Najua mtu atasema mimi sina mpango wa kwenda kokote, nitafanya kazi nyumbani. Sawa kabisa, lakini una umri gani sasa hivi, na utakuwa unataka nini baada ya miaka kumi, labda ubingwa, labda umeolewa ukahamia kwingine. Mlango usiotaka kuupita leo usiufunge kwa kutojua tu.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Mdogo wangu alipoviona vyote viwili vimo akafurahi akaniambia, "Dada, basi vyote vizuri, niende kokote." Nikamwambia hapana mdogo wangu, kuwemo humo sio cheti cha ubora. Orodha yenyewe inasema hivyo bila kuficha, kwamba chuo kuorodheshwa hakumaanishi kimepewa ithibati, yaani kibali kwamba kimekaguliwa na kufikia viwango, wala kwamba wao wanakisifia. Ithibati inatolewa na mamlaka ya nchi au ya kanda, na WFME yenyewe haikagui chuo kimoja kimoja, inazitambua zile mamlaka zinazokagua. Kwahiyo kuna hatua ya pili lazima uifanye, utafute nani anakipa ithibati chuo chako, ithibati inaisha lini, na je huyo mkaguzi ametambuliwa na WFME. ECFMG walitangaza tangu 2010 kwamba jambo hili la mkaguzi kutambuliwa litakuwa na uzito, tarehe ya kuanza ikasogezwa kutoka 2023 hadi 2024, kwahiyo sio stori za kutishana. Chuo kikikujibu kwa kuzunguka zunguka ukiwauliza ithibati yao, mimi ningekuwa na wasiwasi sana.

Na usitegemee humo kuna namba moja, namba mbili, namba tatu. Hamna. Hawapangi vyuo kwa ubora na binafsi naona wamefanya vema, maana zile orodha za ubora za dunia zinabebwa sana na utafiti na sifa ya jina, na profesa mwenye machapisho mengi anaweza asikuonyeshe hata siku moja jinsi ya kusikiliza mapafu.

Kile ambacho haikupi ndo kikubwa zaidi kwa mtu wa vyuo viwili, yaani utafundishwaje na nani atakushika mkono wodini. Utaona kozi ni miaka mitano au sita ila hutaona kama wanafundisha kwa mihadhara ya ukumbini tu au kwa vikundi vidogo vinavyoanzia kwenye tatizo la mgonjwa, ule mtindo ulioanzia chuo cha McMaster kule Kanada mwaka 1969. Hutaona kama mtihani wa vitendo ni ule wa vituo, OSCE, ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee waliuandika 1975, unazunguka kituo hadi kituo na kila mtu anapimwa kwa kitu kile kile, au ni mwalimu mmoja anakuuliza anachojisikia. Hutaona maiti moja ya anatomia wanagawana wanafunzi wangapi. Hutaona hospitali ya kufundishia iko umbali gani na mnalala wapi.

Haya lazima uyafuate mwenyewe. Abraham Flexner, ambaye hata daktari hakuwa, alikuwa mwalimu tu, kabla ya ripoti yake ya 1910 vyuo 155 vya Marekani na Kanada vilikaguliwa kwa kutembelewa, akawa anaangalia masharti ya kujiunga, walimu, fedha, maabara, na uhusiano wa chuo na hospitali. Zaidi ya miaka mia imepita na hiyo ya hospitali bado naona ndo inabeba kila kitu. Kuna chuo kina hospitali yake, kuna chuo kinaomba nafasi hospitali za watu na wanafunzi wanasambazwa kila kona.

Mdogo wangu nilimwambia usiongee na watu wa udahili peke yao, hao kazi yao ni kukukaribisha, tafuta mwanafunzi aliyeshaanza kuzunguka wodini. Na usimuulize chuo ni kizuri, atasema kizuri. Muulize wiki iliyopita umepima wagonjwa wangapi kwa mikono yako. Kitanda kimoja kwenye raundi mnasimama wangapi. Zamu ya usiku ikiisha unarudije hosteli. Mtu akisapu, yaani akifeli somo akalazimika kurudia mtihani, anasaidiwa au anaachwa mpaka anadisko, yaani anaondolewa chuo. Akampata binti mmoja wa chuo cha kwanza na kijana mmoja wa cha pili, na kwa dakika chache za simu tukapata vitu ambavyo hakuna saiti yoyote ingetupa. Yule binti alisema wao kwenye raundi wanasimama mstari wa tatu, sauti ya daktari wanaisikia, mgonjwa hawamwoni. Kijana akasema kwao hospitali ni ndogo, jengo la kawaida, ila kila mwanafunzi ana wagonjwa wake na asubuhi lazima aeleze hali zao mbele ya daktari.

Kuhusu mji wenyewe sitasema mengi. Mji mkubwa una magonjwa ya kila aina na mabingwa wengi, ila una wanafunzi wengi pia wanaogombania mgonjwa yule yule. Mji mdogo unaweza usione upasuaji fulani hadi umalize. Ukaribu na nyumbani nao una uzito wake na asikudanganye mtu kwamba ni utoto, miaka hii ni mirefu na kuna siku utahitaji mtu wa kukupikia uji.

Kwahiyo kama ni alama naipa nne kati ya tano. Kwa kujua chuo ni cha kweli na shahada yake inatambulika wapi, sijaona kinachoizidi. Ningependa siku moja waongeze kwa kila chuo idadi ya wanafunzi kwa kitanda cha mgonjwa, hapo ningewapa tano bila kufikiria.

Mdogo wangu alienda kule kwenye hospitali ndogo. Na nyie mkishaamua, siku hiyo hiyo andikieni chuo kingine kwamba nafasi mmeiachia. Kuna mtu yuko kwenye orodha ya kusubiri hapo, kila siku anashika simu yake.