VETA au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi: kijana wa Mpwapwa ajifunze wapi?

Mzazi wa Mpwapwa anayetaka mwanawe apate ufundi ana njia mbili: kumpeleka chuo cha VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) Dodoma mjini, au kumwandikisha Chisalu, chuo cha maendeleo ya wananchi kilichomo wilayani humo.

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ilijengwa juu ya misingi ya ufundi stadi, na nguvu yake ni karakana na ngazi za vyeti ambazo mwajiri anazielewa bila kuelezwa.

Vyuo vya wananchi vilianza mwaka 1975, kwa mfano wa Sweden, vikikusudia kumwelimisha mtu mzima wa kijijini bila kumtenga na shamba lake. Baadaye vilipokea kozi za VETA, kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza kupima kiuno na kukata kitambaa kabla ya kugusa cherehani anaweza kufanyia mtihani uleule wa taifa, huku kozi fupi zikiendelea kwa asiye na cheti cha shule (jambo ambalo wengi hulidharau bure).

Kwa anayelenga ajira ya kiwandani, ningechagua VETA. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, asiyeweza kwenda mbali na nyumbani, Chisalu.